Injinia wa mabwawa ya Tana aliyezeeka kwa koroboi

HAKUNA anayejiuliza, anapobonyeza swichi usiku, ni nani aliyetoa jasho ili taa ile iwake. Watu huuliza habari za wahandisi wa stima siku taa inapokataa, na siku hiyo huwauliza kwa matusi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa katika kundi hilo la watu wanaokumbukwa gizani. Alifariki Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa nyumbani kwake upande wa chini wa milima ya Mbooni, njia ya kwenda Kalawa, katika kaunti ya Makueni. Wasifu wa marehemu uliosomwa siku ya mazishi ulijaa miaka na majina makubwa: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga, Kiambere. Kazi aliyoifanya baada ya kustaafu, na ambayo ilimchukua miaka 31, ilipewa sentensi moja. Aliyeuandika ni mjomba wangu wala simlaumu, kwa kuwa sisi tuliokulia mjini ndivyo tulivyomjua Babu.

Kisha wakasimama kina mama wa mwethya, yaani kile kikundi cha kijiji cha kusaidiana kazi. Walikuwa kama ishirini, wengine wakiegemea mikongojo. Hawakutaja bwawa hata moja la Mto Tana. Walichokitaja ni ukuta ulioachwa na mto, nasi wajukuu tukaanza kutazamana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza. Nimemuuliza Nyanya, nimemuuliza mama, nimekaa na kina mama hao chini ya mkuyu wao, na nimesoma madaftari ya Babu, ambayo yanajaza sanduku zima la bati. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mtoto wa mwaka wa ng'ombe

Wazee wengi wa rika la Babu hawakujua mwaka waliozaliwa. Yeye aliujua bila shaka yoyote, kwa sababu mamake alimzaa mwaka ule ambao Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea kwa miguu hadi Nairobi kupinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuwapunguzia mifugo. Huo ulikuwa 1938. Serikali ilidai kwamba ng'ombe wamezidi na ardhi inamomonyoka. Wenyewe walisema ng'ombe ni wao na ardhi ni yao. Babu alikua akisikia habari za udongo, maji na serikali zikitajwa kwa pamoja, na nadhani hakuwahi kuzitenganisha maishani mwake.

Alisoma kwa namna walivyosoma watoto wa wakati huo: mwendo mrefu bila viatu, mwalimu mmoja kwa madarasa mawili, karo iliyotoka kwa mbuzi. Sitakawia hapo kwani kila msomaji ana babu au nyanya mwenye hadithi hiyo. Lililokuwa geni ni kwamba mwaka 1960 alipata nafasi katika Royal Technical College jijini Nairobi kusomea uhandisi. Chuo hicho kilikuwa kimefunguliwa 1956. Mwaka 1961 kikabadilishwa jina na kuwa Royal College, na wanafunzi wa uhandisi wakaanza kusomea shahada za Chuo Kikuu cha London. Ndipo Babu akahitimu 1964 akiwa na karatasi ya London, mji ambao hakuwa ameuona hata kwa picha ya kueleweka. Mwaka huo huo chuo kikabadilishwa jina tena kuwa University College Nairobi, na 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi tunachokijua leo.

Kijijini hawakujua injinia ni mtu gani. Daktari walimjua, mwalimu walimjua, karani wa korti walimjua sana. Babake alipoulizwa kijana wake amesomea nini, alijibu: "Amesomea kupima vitu."

Tone moja, kazi tano

Wakati huo sehemu kubwa ya stima ya Nairobi ilitoka mbali, kwenye bwawa la Owen Falls kule Jinja, Uganda, na kuja kwa nyaya ndefu kupitia Tororo. Kenya huru ilitaka stima yake, na macho yakaelekea Mto Tana, mto mrefu kuliko yote nchini, pale unaposhuka kwa kasi kutoka nyanda za juu kwenda nchi kavu ya Mbeere na Kitui. Sehemu hiyo huitwa Seven Forks.

Kindaruma lilikuwa la kwanza. Lilianza kutoa stima 1968, megawati 40 kutoka kwa mashine mbili. Babu alikuwa injinia kijana wa upande wa ujenzi na kazi yake ilikuwa zege. Kila zege lililomiminwa lilitolewa sampuli, likatiwa kwenye kalibu za mraba kama tofali nene, likalowekwa majini, kisha likavunjwa kwa mashine baada ya siku saba na mengine baada ya siku 28 ili kujua nguvu zake. Mama anakumbuka tofali moja la namna hiyo lililozuia mlango wa nyumba yao ya kazini usifungwe na upepo. Lilikuwa limekataa kuvunjika siku ya kupimwa, na Babu akaenda nalo nyumbani kama mtu aliyeshinda mbuzi kwenye mashindano.

"Zege ni kama mtoto mchanga," alikuwa akituambia. "Ukilinyima maji wiki ya kwanza, hutalirekebisha ukubwani."

Baada ya Kindaruma likaja Kamburu mwaka 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Ukiyafuata kwa mtiririko wa maji, mpangilio ni mwingine: Masinga liko juu kabisa, kisha Kamburu, Gitaru, Kindaruma, na Kiambere chini. Babu alipenda sana kutueleza jambo hilo kwa vikombe vitano vya chai juu ya ngazi za baraza. Maji yanayozungusha mashine Masinga hayapotei. Yanashuka kuzungusha za Kamburu, yanashuka tena, hadi tone moja linakuwa limefanya kazi mara tano kabla halijaendelea na safari yake kwenda Garissa na hatimaye Bahari ya Hindi. Masinga lenyewe ndilo ghala. Linaweza kushika zaidi ya mita bilioni moja na nusu za ujazo, na mvua ikikosa kunyesha, hilo ndilo linalotoa maji ya akiba kwa ndugu zake wanne walio chini.

Kuna jambo jingine alilolisimulia mara nyingi kuliko yote, nami nililiona dogo wakati ule. Walipojenga Kindaruma waliacha nafasi ya mashine ya tatu. Nchi ilikuwa na pesa za mashine mbili, lakini wahandisi wakaacha pengo kwa watakaokuja. Pengo hilo lilikaa zaidi ya miaka 40. Mashine ya tatu ilipowekwa hatimaye na kituo kufikisha megawati 72 mwaka 2013, Babu alikuwa na miaka 75. Alipiga simu kwa watoto wake wote kuwapa habari, kana kwamba kuna mtu amezaa.

Nyumba ya swichi

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilileta maneno katika ukoo wetu.

Mwaka 1989 Babu alijenga nyumba ya mawe nyumbani. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuacha nafasi, alipitisha mabomba ya nyaya ndani ya kuta, akaweka swichi katika kila chumba, soketi, na hata mahali pa mita nje ya mlango. Stima yenyewe haikuwepo. Laini iliyokuwa karibu ilikuwa umbali wa kilomita nyingi. Majirani wakaiita nyumba ya swichi. Watoto wa kijiji walikuja kuzibonyeza ili wasikie zikilia, halafu usiku Nyanya aliwasha koroboi kama kila mtu.

Watoto wake walikasirika. Mtu ambaye jasho lake liko ndani ya mabwawa matano, walisema, angenong'oneza neno moja tu kwa rafiki zake kazini na laini ingepanda kilima. Wengine walifanya hivyo, na wasomaji wanajua kwamba si uongo. Babu alikataa. Alisema foleni ni foleni, na kwamba laini ya mtu mmoja hulipiwa na watu wengi. Nyanya ndiye aliyepaliwa na moshi wa mafuta ya taa kwa miaka 27, kwa hiyo sidhani Babu peke yake alikuwa na haki ya kujivunia msimamo huo. Nilipomuuliza Nyanya, alicheka kidogo kisha akanyamaza. Halafu akasema: "Babu yako alikuwa mtu mwema. Mwema huwachosha wa nyumbani kwake."

Alistaafu 1993 alipofika miaka 55, umri wa kustaafu wakati huo. Mjomba alikuwa na mpango tayari: malipo ya kustaafu yanunue matatu, ifanye kazi ya Machakos na Nairobi, na mzee apumzike. Mzee hakupumzika wala matatu haikununuliwa.

Kopo la mvua

Jambo la kwanza alilofanya aliporudi nyumbani ni kusimika kipimamvua uani, mbali na miti na paa. Kila siku saa tatu asubuhi, kama wafanyavyo watu wa hali ya hewa, alikwenda kupima na kuandika kwenye daftari. Siku ambayo haikunyesha aliandika sufuri. Kuna kurasa nzima za sufuri katika madaftari hayo, mstari baada ya mstari, na ukizifunua unaelewa Ukambani kuliko utakavyoelewa kwa hotuba ya mbunge yeyote.

Tulipokwenda likizo alitufundisha hesabu moja ambayo siisahau. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili ya maji. Basi paa la mabati la mita mia za mraba, likinyeshewa milimita ishirini kwa usiku mmoja, limepokea lita elfu mbili. Jaribu kumwambia hivyo mama anayetembea saa tatu na mtungi mgongoni. Babu aliwaambia, na hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza.

Kwanza ilikuwa mifereji ya paa na matangi. Lakini paa lina mwisho wake, na mito ya kule chini ni mito ya mchanga. Hujaa siku mbili kwa kishindo, ikasomba kila kitu, halafu ikakauka ukaona mchanga mweupe tu hadi msimu mwingine. Dawa yake inajulikana Ukambani tangu zamani. Unajenga ukuta imara juu ya mwamba, kukata mto kutoka ukingo hadi ukingo. Mafuriko yakija, matope mepesi hupita juu ya ukuta na mchanga mzito hubaki nyuma yake. Baada ya misimu kadhaa bwawa limejaa mchanga pomoni, na mgeni akiliona atasema mradi umeharibika. Kumbe maji yamo ndani, katikati ya chembe za mchanga. Yakishuka kiasi cha nusu mita hivi chini ya uso, jua haliwezi kuyanywa, ng'ombe hawezi kuyachafua, wala mbu hapati mahali pa kutaga. Unachimba kisima kidogo unachota.

Kwa Babu ilikuwa ajabu. Miaka 29 alikuwa amepigana na mchanga na matope yasijaze mabwawa ya Tana. Sasa alitakiwa kujenga bwawa ambalo kazi yake ni kujaa mchanga.

Ukuta ulioachwa na mto

Kazi ilianza kiangazi cha 1995. Saruji ilinunuliwa kwa malipo yake ya kustaafu. Mawe, mchanga na maji vilibebwa na mwethya, na mwethya kwa kweli ilikuwa kina mama, kwani wanaume wengi walikuwa Nairobi na Mombasa wakitafuta riziki. Kikundi kama hicho ndicho kilichochimba matuta ya mashamba ya milima hiyo tangu enzi za mama zao, kwa hiyo kazi ngumu hawakuiogopa. Walijenga miezi miwili. Babu alipima kila kitu: mwamba, mteremko, upana wa mto, na urefu wa ukuta kuingia kingoni pande zote mbili.

Misimu miwili mambo yakaenda vizuri. Mchanga ukaanza kukaa. Kisha ikaja mvua ya El Niño mwishoni mwa 1997.

Wasomaji wenye umri wanaikumbuka. Barabara zilikatika, madaraja yakasombwa kote nchini, na barabara ya Mombasa ikawa mateso. Usiku mmoja mto ule ulikuja juu kuliko ukuta ulivyotarajia, ukazunguka upande wa kushoto, ukala udongo wa ukingo hadi ukajifungulia njia mpya. Asubuhi ukuta ulikuwa umesimama wima bila ufa hata mmoja, pekee yake, na mto ukipita pembeni. Zege halikuwa na kosa. Lilikuwa kama mlango uliobaki baada ya nyumba kuondoka. Mchanga wote wa misimu miwili ulikuwa umekwenda.

Babu alikuwa na udhuru mzuri kuliko wote. Kama madaraja ya serikali yameondoka, nani angemlaumu mzee mmoja na kikundi cha kina mama? Kanisani walikuwa wameshasema ni mapenzi ya Mungu. Mjomba, nimeambiwa, alisema ni matatu iliyosombwa na maji.

Katika mkutano wa mwethya uliofuata Babu alikwenda na daftari lake. Kina mama watatu walionisimulia wanatofautiana kuhusu maneno yake mengine, lakini la kwanza wanalisema sawasawa: "Si mvua. Ni mimi."

Kisha akaeleza. Kabla ya kujenga alikuwa amewauliza wazee wa kiume mafuriko makubwa hufika wapi, akachanganya majibu yao na hesabu zake. Wakati huo mama mmoja mzee alimwambia kwamba mwaka 1961 maji yalifika kwenye mkuyu ule pale juu. Mkuyu ulikuwa mbali sana na mto, na Babu alichukulia ni hadithi. Hakuandika. Mwaka 1961 mvua ilinyesha kweli kweli Kenya nzima na mafuriko yakawa makubwa, lakini Babu hakuwepo nyumbani. Alikuwa Nairobi darasani, akisomea shahada ya London. Huyo mama alikuwepo. Alikuwa anachota maji.

"Nilimuuliza kila mtu isipokuwa anayeujua mto," akawaambia.

Mama huyo mzee alikuwa mkutanoni. Aliulizwa anasemaje. Alisema yeye hana la kusema, ila kesho aje na kamba yake ampeleke penye mkuyu.

Walijenga tena kiangazi cha 1998, kabla ya mvua za Oktoba. Ukuta ulirefushwa upande wa kushoto hadi kwenye mkuyu, na katikati ukashushwa kidogo ili mafuriko yapite juu ya mto wenyewe, yasitafute pembeni. Safari hii Babu hakuwa na pesa za saruji yote. Kina mama walichanga kwa mauzo ya kuku na mbaazi, na kikundi cha chini ya mto kikaleta watu. Wenyewe wanakuonyesha kwa kidole mahali pesa za Injinia zilipoishia na pesa zao zikaanzia.

Ndipo ukaja ukame wa 1999 na 2000. Hapa jijini tulikaa na mgao wa stima kwa sababu maji ya Tana yalikuwa yamepungua sana. Nilikuwa mtoto wa shule nikifanya kazi za nyumbani kwa mshumaa, na niliona fahari kuwaambia wenzangu kwamba babu yangu ndiye aliyejenga Masinga, nao wakanizomea. Wakati huo huo, kule nyumbani, nyuma ya ukuta ambao haukuwa umejaa mchanga hata nusu, kina mama walichimba na kupata maji hadi mwezi wa nane. Baadaye yalikauka, nisiwadanganye. Lakini kufika mwezi wa nane katika mwaka kama ule, kule, ni jambo la kusimuliwa mazishini.

Kutoka hapo Babu hakupima tena mto wowote bila kwanza kutembea nao pamoja na kina mama. Madaftari yake ya baada ya 1998 yamebadilika. Kando ya tarakimu kuna maelezo mafupi: "Mama wa kuuza vyungu asema hapa," "Yule wa ng'ombe mweupe akataa, asema juu zaidi." Walijenga kuta nyingine kadhaa katika vijito vya jirani, na hakuna iliyoachwa na mto.

Malori ya usiku

Adui aliyekuja baadaye hakuwa maji. Nairobi ilianza kupanda juu, ghorofa baada ya ghorofa, na ghorofa hula mchanga. Malori yakawa yanateremka usiku kwenye mito ya Ukambani kuuchota. Mchanga ukiondoka, maji nayo yameondoka. Vijana wa kijiji waliokuwa hawana kazi walilipwa kupakia, na mama zao ndio waliojenga kuta. Unaweza kuwaza vikao vilivyofanyika. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga, lakini kabla ya hapo kina mama walikuwa wakilala zamu mtoni na Babu akiwemo, mzee wa miaka sabini na kitu, na tochi yake na kitabu cha kuandikia nambari za malori.

Alipokuja kututembelea jijini alikuwa na tabia ya kuupapasa ukuta wa nyumba yetu ya kupanga kwa kiganja. Nilidhani anapima plasta. Mama aliniambia majuzi kwamba alikuwa akijiuliza mchanga ule ulitoka mto gani.

Stima yafika, tumbili naye yumo

Laini ya stima ilipanda kilima Aprili 2016. Fundi aliyekuja kufunga mita hakuamini alipokuta nyumba ina nyaya tayari, za mwaka 1989. Ilibidi nyingi zibadilishwe kwani panya walikuwa wamezitafuna, lakini mabomba yalikuwa sawa. Babu alimwachia Nyanya abonyeze swichi ya kwanza. Nyanya alibonyeza, akaangalia dari, akasema: "Hiyo buibui yote ilikuwa hapo siku zote?"

Wiki chache baadaye, Juni 7, 2016, nchi nzima ikazimika. Kampuni ya KenGen ikaeleza kwamba tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru akaangukia transfoma, mashine zikajizima zenyewe na nchi ikafuata. Tumbili akapona. Ulimwengu mzima ulitucheka siku hiyo. Nilimpigia Babu simu kumpa pole, maana Gitaru ni mmoja wa watoto wake. Alicheka hadi akakohoa. Kisha akataka kujua tumbili huyo alikuwa na uzito gani.

Miaka yake ya mwisho aliifuata sana habari ya mvuke wa Olkaria, kule Naivasha, ambao sasa unatoa stima nyingi kuliko maji ya mito. Nilitarajia aone wivu. Alisema mvuke hauombi mvua, na kwamba kama angekuwa kijana angeenda huko. Wanafunzi wa uhandisi waliomtembelea nyumbani aliwapa ushauri mmoja tu, nao haukuwa wa hesabu: wakifika mahali pa kazi, wamtafute mtu anayechota maji.

Kipimamvua bado kiko uani. Mkono wa Babu unakoma kwenye daftari Februari 2024. Mstari unaofuata ni wa mwandiko mwingine, mkubwa na wa kulala, wa Nyanya. Hakukosa hata siku moja, pamoja na siku ya mazishi, ambayo ameandika sufuri.

Mvua za masika ya 2024 zilipokuja na mafuriko, na mabwawa ya Tana yakajaa hadi kumwaga, nilimpigia simu asubuhi kumjulia hali.

"Hujambo, mjukuu wangu. Ngoja nikasome," akasema, akaniacha hewani. Nilisikia miguu yake kwenye tope, kisha kimya, kisha akarudi. "Sitini na nne."

Nikamuuliza habari ya mto.

"Niliamka nikaenda na wenzangu na tochi. Umepita juu katikati, kama babu yako alivyotaka. Mkuyu bado haujaguswa."